Wimbo wa Vifaru Huko Muaither

Mimi ni nesi, na neno hilo silisemi kwa sauti ya chini. Huko nyumbani ukitaja kwamba umeenda Ghuba, watu wanaamua papo hapo kuwa umeenda kudeki. Kudeki si aibu, nimedeki sana maishani, lakini Doha nilikwenda na cheti changu, na sare yangu niliipiga pasi mwenyewe kila asubuhi mpaka kola ikasimama. Nikitoka kwenye nyumba za kampuni pale Fereej Bin Mahmoud kusubiri basi, walinzi wa Kikenya wa jengo la jirani walikuwa wananichokoza, "Sista, leo ndiyo harusi?" Nami nawajibu, "Ndiyo, na nyinyi mmealikwa kuosha sufuria." Wanacheka, basi linafika, naingia.

Nilihudumia wagonjwa wengi majumbani miaka ile, wakati kila ukiinua macho mjini unaona kreni za ujenzi. Lakini kazi ninayojivunia kuliko zote niliifanya Muaither, pembeni ya Doha, kwenye vila ya mzee mmoja wa Kijerumani aliyepoteza maneno.

Kiharusi kilikuwa kimempooza upande wa kulia, mkono na mguu, kikamwachia akili yake yote na kumnyang'anya ulimi. Alielewa kila kitu. Ukimwambia mzaha alicheka mahali pa kucheka. Lakini akifungua kinywa kilitoka kineno kimoja tu cha Kijerumani, kile cha kukubali. Unataka chai? Ndiyo. Unataka kulala? Ndiyo. Siku moja nikamwuliza, "Mzee, nikupige?" Akasema ndiyo, halafu akagundua alichojibu, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mimi nikacheka naye huku nikimfuta. Hapo ndipo tulipokuwa marafiki.

Aliishi na binti yake, mchoraji wa ramani za majengo, mama mpole mwenye haraka ambaye mimi nilimwita madam, na mjukuu wake wa kike, msichana aliyekuwa anakaribia kumaliza sekondari. Wao ndio walioiomba kampuni iwatafutie nesi Mkenya. Sababu ni kwamba mzee, katika ujana wake, alikaa kwetu miaka mingi akichimba visima. Na si kwetu Kenya tu, ni kwetu kabisa, Ukambani, kule ambako mama anaamka kabla ya jogoo kutafuta maji na anarudi jua likiwa utosini. Alikijua Kiswahili, aliwahi hata kukiota ndotoni, ndivyo madam alivyoniambia. "Labda ukiongea naye," alisema, lakini usoni alionyesha kwamba hana tumaini kubwa.

Mimi nilikuwa nalo. Mtaalamu wa usemi wa hospitalini alikuwa amenionyesha njia: mgonjwa wa namna hii, maneno yakigoma kusemwa, wakati mwingine hukubali kuimbwa. Unamshika mkono wa kushoto, ule mzima, unaugonga mezani taratibu, na unaliimba neno kwa sauti mbili tu, moja juu na moja chini. Nilipoonyeshwa nikasema moyoni, kumbe ni hili tu? Mimi nimeongoza kwaya tangu sijavunja ungo. Kwetu mwimbishaji anatupa na watu wanadaka. Basi nikawa mwimbishaji, na kwaya yangu ilikuwa ya mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu.

Kila asubuhi, kabla joto halijawa la kuua, tulikaa barazani nikamgongea mkono. "Mzee ataka nini?" natupa. Kimya. "Mzee ataka nini?" Kimya tena. Siku nyingi zilipita hivyo, hata mpishi wa nyumba ile akawa ananitazama kwa huruma. Halafu asubuhi moja, nikiwa nimeshachoka na nafikiria kununua chapati za Wahindi nikirudi, nikasikia chini ya sauti yangu sauti nyingine, nzito, yenye kutu.

"Ma-ji."

Wee! Niliruka. Nilipiga vigelegele mpaka ndege wakaondoka ukutani. Neno lake la kwanza halikuwa la Kijerumani wala la Kiingereza, lilikuwa la kwetu. Madam alipigiwa simu kazini akalia kwenye simu. Nilimletea mzee glasi, akanywa nusu na nusu nyingine ikamwagikia shati, na hakuna aliyejali.

Kutoka hapo yakaja mengine, moja moja. Chai. Pole. Sista. Jua kali. Kijerumani chenyewe kilibaki kimefungwa, Kiingereza kilikuja vipande, lakini Kiswahili kilikuwa kinachipuka kila wiki. Mtaalamu wa usemi alisema imewahi kutokea kwa wengine, kwamba lugha ambayo mtu alijifunza baadaye ndiyo inayorudi kwanza. Nilijivuna, sifichi. Nilitembea Muaither nzima kana kwamba mimi ndiye niliyejenga ule mji.

Halafu siku moja mzee akaimba wimbo mzima.

Tulikuwa kwenye mazoezi. Nilikuwa nagonga mkono wake kwa mwendo wa haraka kidogo, kumchangamsha, na ghafla ule mkono ukachukua mwendo wenyewe na kinywa kikafunguka. Kijerumani! Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila kukwama hata mahali pamoja, sauti imejaa, kifua kimetoka mbele. Macho yake tu ndiyo yaliyokuwa ya ajabu, yamenikodolea kama ya mtu anayebebwa na gari ambalo hana usukani wake. Lakini mimi macho sikuyatazama. Nilijua Wajerumani wana nyimbo zao za kanisani na kwamba wanazipenda, na ule mwendo ulikuwa mtamu, wa kukanyaga. Nikasema huu ni wimbo wa Mungu, na umemfungua kinywa mtumishi wake. Nikapiga makofi. Kwenye kiitikio nikaingiza sauti ya pili bila maneno. Nikamwita mpishi naye akapiga makofi, na mimi nikamalizia na kigelegele na "Amina!"

Kesho yake tukaimba tena. Na kesho kutwa. Uligeuka kuwa wimbo wetu wa kupashia misuli moto.

Siku ya tatu madam alirudi mapema. Alisimama mlangoni na mikoba yake, akatutazama tunavyotikisika, baba yake anaimba, mimi na mpishi tunapiga makofi, na nikaona rangi inamtoka usoni. Nikadhani ni furaha imemzidi. "Madam, Mungu ni mwema!" nikamwambia. Akaweka mikoba chini polepole. "Sista," akasema, "unajua huo ni wimbo gani?"

Ulikuwa wimbo wa askari wa vifaru. Wa vita. Wa majeshi ya yule mtu ambaye hata mtoto wa darasa la nne anajua alichowafanyia watu. Mzee aliufahamu kwa sababu baba yake alikuwa jenerali wa vifaru, kamanda wa divisheni nzima, na wimbo huo uliimbwa kwao tangu alipokuwa mdogo. Woi! Nilikaa chini. Mimi, mzee wa kanisa kabisa, nimeuitikia wimbo wa vifaru na kuufunga kwa Amina. Mpishi aliponielewa alikimbilia jikoni, na hadi leo sijui kama alikwenda kulia au kucheka. Madam mwenyewe mwishowe alicheka kidogo, cheko la uchovu, akaniambia si kosa langu, ila tusiimbe tena madirisha yakiwa wazi.

Aliyefurahi ni msichana. Alikuwa ametoka chumbani kusikia kelele, na simu yake ilikuwa imeshaurekodi wimbo wote. Shuleni kwao walikuwa wanajiandaa kwa siku moja ya Alhamisi, ambapo kila mwanafunzi wa darasa lake angepanda jukwaani mbele ya wazazi na kumweleza mtu mmoja wa ukoo wake anayemwonea fahari. Yeye alimchagua jenerali. Sasa alikuwa amempata na wimbo wake, kutoka kinywani mwa mtoto wa jenerali mwenyewe.

Basi jioni kabla basi halijanifuata nilikuwa namsikia akijifunza sebuleni, kwa Kiingereza, mbele ya babu yake na mimi, na alirudia hadi mimi pia nikakariri. Jenerali alianza kama mpanda farasi, kijana wa watu wa mashamba, na alilia siku walipomnyang'anya farasi wakampa gari. Jeshi lao wakati huo halikuruhusiwa vifaru, kwa hiyo walifanyia mazoezi kwenye magari yaliyovikwa mbao na bati. Vita vilipofika alikuwa kanali. Ufaransa alivuka mto akiwa kwenye kifaru cha mbele, redio sikioni, hakuwasubiri hata askari wake wa miguu. Urusi alipita vumbi, akapita matope, akafika kwenye theluji, ambako asubuhi waliwasha moto chini ya injini ndipo ziamke. Akapigwa risasi begani, akatibiwa, akarudi mwenyewe bila kuitwa. Wakampa divisheni. Na walipoanza kurudishwa nyuma, pale ndipo, msichana alisema na mkono ukapanda juu, pale ndipo ukuu wake ulipoonekana, maana aliiokoa divisheni yake isizingirwe, akawatoa maelfu ya vijana wa watu, na kwa kazi hiyo akavalishwa nishani ya shingoni. Mwishoni aliwasalimisha waliobaki kwa Wamarekani, akafungwa, akaachiliwa, akarudi kwao kupanda matofaa. Alipenda sana matofaa yake.

Picha yake ilikuwa kubwa kwenye kompyuta: mtu mwembamba, miwani ya vumbi juu ya kofia, nishani kooni. Alikuwa mzuri wa sura, lazima niseme. Alifanana na mzee kama maji na maji.

Na mimi nikachangamka. Nikamwambia msichana kwamba hata kwetu sisi ni watu wa vita. Babu yangu alikuwa askari wa Keya, alivaa sare ya Mwingereza, akapelekwa Bama, yaani Burma, akapigana msituni na mvua, akarudi na koti ambalo bibi alilitumia miaka na miaka kufunikia watoto. "Kwa hiyo sista naye ana shujaa!" msichana akasema. "Ninaye, tena si wa kuazima," nikamjibu. Tukagonganisha viganja. Pembeni yetu mzee akaanza kupiga meza kwa mkono wa kushoto, pa, pa, pa, uso umemwiva. "Tazama babu anavyoshangilia!" msichana akasema, na sote wawili tukampigia makofi.

Nilipompima shinikizo la damu kabla sijaondoka lilikuwa juu sana. Hapo tu ndipo nilipomtazama vizuri. Mzee hakuwa anashangilia.

Asubuhi iliyofuata sikugonga mkono wake. Nilivuta kiti nikakaa mbele yake. "Mzee," nikasema, "jana tulikukosea adabu. Ulikuwa unataka kusema jambo. Niambie mimi." Alikazana. Mishipa ya shingo ilimtoka. Kikatoka kile kineno chake cha Kijerumani, akakitema kwa hasira. Nikamshika mkono, nikaugonga taratibu, nikatupa, "Mzee ataka nini?"

"Baba," akaimba. Juu, chini. "Ba-ba. Vi-si-ma."

Nikadhani anakumbuka kazi yake ya Ukambani. Akatikisa kichwa. "Baba," akarudia. "Watu." Kisha akageuza kiganja akakitazamisha chini, kama mtu anayeangusha kitu shimoni, akarudia, akarudia. "Vi-si-ma. Watu."

Ilinichukua asubuhi nzima kuyaunganisha, na kila nilipouliza alijibu kwa kichwa au kwa neno. Wakati ule wa kurudi nyuma, ule ule ambao msichana aliusimulia mkono ukiwa juu, jenerali aliamuru kila kijiji wanachokiacha kisiachiwe maji ya kunywa. Na walivyoyaharibu maji ni kwa kuwatupa wanakijiji visimani. Aliyajuaje? Vita viliisha, jenerali akatoka kifungoni, maofisa wake wa zamani wakawa wanamtembelea kila msimu wa matofaa kula na kunywa. Mzee alikuwa mtu mzima, ameshamaliza chuo, amekaa meza moja nao. Baba yake akaisimulia habari hiyo kwa kinywa chake, na akacheka. Halafu wote wakaimba. Nikamwuliza waliimba nini, ingawa nilishajua. Akagonga meza kwa mwendo ule wa kukanyaga, wimbo wetu wa kupashia misuli moto.

Katika maneno yote ya lugha ya mama yake, mbali na kile kineno, kiharusi kilimwachia yale ya wimbo tu.

Na sikumwuliza kwa nini alikwenda kuchimba visima kwetu. Nilijua. Bibi yangu amekunywa maji ya visima kama hivyo, mimi pia. Nilimshika ule mkono.

"Mtoto," akaimba mwishowe. "Alha-misi." Halafu akaninyooshea kidole kifuani. "Sista. Sema."

Alitaka mimi nikamwambie mjukuu wake. Na nikakataa. "Hapana, mzee. Ng'o. Hii si dawa nikumezee. Nikisema mimi, atasema nesi amechanganyikiwa, amesikia vibaya, na hata mama yake atasema hivyo. Tena nitafukuzwa. Utasema wewe, mimi nitatafsiri tu." Alinikasirikia, akageuza kiti kwa mkono mmoja akatazama ukuta. Nikamwacha akasirike. Nilikuwa na kiburi changu cha kazi: sijamfundisha mtu kusema ili mimi niwe kinywa chake.

Baadaye, huku bado ameupa ukuta uso, akaniuliza, "Babu yako?" Nikaelewa. "Babu yangu ukimuuliza ya Bama alikuwa anasema, tulienda, tukarudi. Basi." "Ha-kusema?" "Hakusema, mzee." "Pole," akaniambia. Akageuza kiti akaniletea mkono wake nimgongee.

Tulikuwa na siku chache tu. Tulitengeneza sentensi mbili, na tulizichonga. *Baba yangu aliwatupa watu visimani. Nilimsikia akicheka.* Zinaonekana fupi, eti? Jaribu kuzisema na nusu ya mdomo umekufa. "Baba yangu" ilikuja haraka. "Aliwatupa" ilitutesa, ulimi wake ulikwama kwenye *li* kila mara, akawa anapiga paja lake kwa hasira, nami namwambia, "Pumua, mzee, hatukimbizwi," ingawa tulikuwa tunakimbizwa kweli. Tatizo lingine lilikuwa ule mwendo. Akichoka, mkono uliteleza wenyewe kuelekea ule wimbo, na kinywa kikaufuata, na mara nikasikia Kijerumani kinamiminika. Kila ulipokuja niliushika mkono wake nikaushikilia kwa nguvu mpaka wimbo ukafa, kisha tukaanza upya, polepole, juu, chini, kwa mwendo wa kwaya ya nyumbani. Alitokwa na jasho. Mimi pia.

Madam alitusikia siku moja. "Anasema nini?" akauliza. Nikamjibu, "Ni mazoezi, madam. Atakwambia mwenyewe." Alinitazama, kisha akasema sawa. Sijui alihisi nini.

Jumatano alasiri msichana alifanya jaribio lake la mwisho sebuleni. Mama yake alikaa kwenye kochi, mimi nilisimama nyuma ya kiti cha mzee. Alianza na farasi, akaja kwenye bati na mbao, akauvuka mto, akaingia kwenye theluji. Alizungumza vizuri, mtoto yule, ungependa kumsikiliza. Alipomaliza matofaa akabonyeza simu, na ule wimbo ukajaa sebule kwa sauti ya babu yake. Mzee akauinua mkono wa kushoto. Msichana akatabasamu, akidhani ataitikia.

Niliufunika ule mkono kwa wangu. Sikuugonga, niliushika tu, na nikamwomba msichana azime simu. Kulipotulia, mkono wa mzee ukaanza wenyewe chini ya wangu, taratibu.

"Baba yangu," akaimba, "ali-wa-tupa watu. Vi-si-mani. Nili-msikia. Aki-cheka."

Hakukwama. Hata kwenye *li* hakukwama. Na Mungu anisamehe, katikati ya jambo lenyewe zito vile, kifua changu kilivimba kwa fahari.

Nikatafsiri, neno kwa neno, bila kupunguza na bila kutia chumvi. Madam akaweka mkono mdomoni. Msichana akanitazama mimi, si babu yake. "Muulize ana hakika?" Mzee alimwelewa mwenyewe. Akaitikia kwa kichwa, machozi yanamtiririka upande mmoja wa uso. "Muulize ilikuwa lini." Nikamwambia ilikuwa wakati wa kurudi nyuma, ule wa kuiokoa divisheni.

Msichana alikijua kisa cha jenerali kuliko sote mle ndani. Aligeuka akaitazama picha kwenye kompyuta, ile shingo. "Nishani," akasema. "Nishani alipewa kwa kurudi huko huko." Alifunga kompyuta, akapanda ngazi, tukasikia mlango. Mzee alinitazama kama anayeuliza tumefanya nini. Nilimvisha soksi, nikampa dawa zake, basi likaja.

Sikutarajia kuitwa siku iliyofuata, lakini asubuhi na mapema madam alinipigia, nije nimvalishe mzee suti. Shuleni ukumbi ulikuwa baridi kama friji, wazazi wamejaa, watu wa kila taifa, mabuibui na tai. Mlangoni alisimama mlinzi, na nilimjua kwa kumwona tu kwamba ni wa kwetu. Nilimsalimu kwa nyusi, akajibu kwa nyusi. Nikamweka mzee mwisho wa safu ya mbele.

Zamu ya msichana ilipofika, macho yake yalikuwa yamevimba. Picha ikatokea ukutani. Akaanza na farasi. Sikuamini. Bati na mbao. Mto. Theluji. Divisheni. Nishani ya shingoni. Hapo akasimama. Ukumbi ukasubiri matofaa. Badala yake akashuka ngazi za jukwaa na kipaza sauti, akaja mpaka kwenye kiti cha babu yake, akapiga goti, akamshika mkono wa kushoto jinsi alivyoniona mimi nikiushika. Akaanza kuugonga. Juu, chini. Hakuna aliyemfundisha.

"Baba yangu," mzee akaimba kwenye kile kipaza sauti, "aliwa-tupa watu visi-mani. Nili-msikia akicheka."

Ukumbi mzima ulitabasamu kwa adabu, kama watu wanavyotabasamu wakisikia lugha wasiyoijua. Mtu mmoja tu hakutabasamu. Pale mlangoni mlinzi alivua kofia yake, polepole, akaishika kifuani.

Nikainuka kutafsiri. Lakini msichana alikuwa ameshaanza. Alisema mwenyewe, kwa Kiingereza, kila neno mahali pake. Alikuwa ameyakariri usiku huo. Nikakaa chini, kazi yangu imechukuliwa, na sijawahi kufurahi hivyo kunyang'anywa kazi.

Nilidhani imekwisha. Mzee akauvuta mkono wake kutoka kwa mjukuu, akauweka kwenye paja, ukatulia. Akafungua kinywa tena. Hakugonga chochote na hakuimba. Alisema tu, kwa sauti bapa ya mtu anayeongea na mtu, maneno ambayo sikumfundisha.

"Mimi nikanyamaza."

Hayo msichana hakuyajua. Akageuka kunitafuta, nami nikasimama nikayatafsiri mbele ya watu wote wale, kola yangu imesimama na mashavu yangu yamelowa. Mzee akasubiri nimalize. Kisha akaniomba maji.